Bega la Bashi Chola

Simu ya Chola ilinikuta Lusaka, nimelala kifudifudi kwenye meza ya daktari wa viungo, uso umezama katika tundu lililotobolewa kwa ajili ya uso, nikitazama viatu vyake. Shingo yangu ina miaka kadhaa inakataa kugeuka kushoto, zawadi ya kuinamia makala ambazo watu wachache wanazisoma na wachache zaidi wanazilipia. Daktari ni kijana mpole, ana uti wa mgongo wa plastiki ambao humwonyesha kila mgonjwa kwa heshima ya mchungaji anayeinua Biblia. Simu ililia mara tatu juu ya kiti. Akaniuliza kama ningependa kuipokea. Nikamjibu kupitia tundu kwamba mtu aliyeshikwa shingo hapokei simu. Nilipotoka nje nikapiga. Chola, ambaye nilimwacha akiwa mtoto wa kufukuza kuku na sasa ana sauti ya mama wa watu, aliniambia kwa Kiswahili chao cha ziwani: "Tata ameenda, Ba Kabange. Jana asubui. Mama anasema mukuye. Weye na Kyungu." Baba yake amefariki, na tunaitwa wawili.

Kyungu ni pacha wangu. Hajawahi kuwepo.

Inabidi nieleze, kwa kifupi, kwa sababu sina nia ya kumchosha mtu na ukoo wangu. Kwetu Katanga, kwa Waluba, mapacha wana majina kabla hata hawajaoshwa: anayetangulia ni Kyungu, anayefuata ni Kabange. Ukiitwa Kabange, watu wanajua umetoka wa pili na kuna mwenzako mahali fulani. Wanajua pia kwamba una mikono. Mtu akiamka shingo imepinda, akiteguka mguu, kiuno kikimkatalia kusimama, hatafuti kwanza zahanati. Anamtafuta pacha amkande na kumvuta, na watu huapa kwamba anapona. Hakuna diploma wala mtihani. Mimi nilipewa jina hilo kwa heshima ya mtu mwingine, na nilizaliwa peke yangu kama wajinga wengi. Miaka ishirini na mitatu nilikuwa nikijibu swali lilelile kwa jibu lilelile: hapana, ni jina tu. Kisha mwaka mmoja, katika soko la Kashikishi, nikajibu ndiyo.

Nilikuwa na njaa. Huo ndio utetezi wangu wote. Vita vilinikuta Pweto, upande wetu wa ziwa, ambako nilikuwa nimekwenda kwa wiki mbili tu kukusanya methali za wavuvi kwa ajili ya kazi yangu ya mwisho ya chuo, na siku tuliyovuka maji nilikuwa msomi kamili: niliokoa madaftari manne na kusahau viatu. Upande wa Zambia nikawa mbeba magunia. Mvua zilikuwa zinaisha. Ufukweni Kashikishi wanawake walikuwa wametandaza chisense juu ya mchanga, vile visamaki vidogo kama sindano, na harufu yake iliingia katika nguo, katika mkate, katika maombi. Mmoja wao, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara hata kama mtu huyo amesimama mbele yake, alikuwa ananunua kwa wavuvi na kuwauzia watu wa malori. Watu walimwita Bana Chola, maana yake mama wa Chola. Nilimbebea gunia la tatu likaniangusha.

"Weye mukimbizi," akasema, "hauna nguvu hata ya kupiga chafya. Jina yako nani?"

"Kabange."

Aliweka beseni chini. "Kabange? Uko mupasa?" Yaani pacha.

Nyuma yake, juu ya mafiga, kulikuwa na sufuria ya bukari, ugali wa muhogo, na bakuli la sombe, kisamvu ambacho wao wanakiita katapa. Mvuke ulikuwa unapanda. Nilitazama mvuke.

"Ndiyo, mama."

"Mwenzako eko wapi?"

"Kyungu? Alibakia Lubumbashi."

"Kula," akasema Bana Chola. "Kula yote. Kisha unakuya kuona bwana yangu."

Ndivyo nilivyoingia katika nyumba ile, na nilikaa humo miezi kumi na moja. Ilikuwa nyumba ya matofali, bati juu, vyumba vitatu. Chumba cha nyuma kilikuwa cha nyavu: zimekunjwa, zimerundikwa hadi kifuani, na juu yake, kwenye boriti, vitu vyote ambavyo Bana Chola hakutaka panya wavifikie. Dirisha moja lilitazama ziwa. Kwetu hakukuonekana, yalionekana maji tu, na siku za anga safi, kisiwa. Nilipewa mkeka upande wa kushoto wa nyavu. Upande wa kulia, juu ya kiti cha mbao, ndipo alipokuwa anaketi mume wa Bana Chola, Bashi Chola, yaani baba wa Chola, tangu asubuhi hadi jioni, mtu mkubwa mwenye ndevu fupi, akiwa ameukumbatia mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto kama mtu aliyebeba mtoto wa mwingine.

Mwaka mmoja kabla yangu mtumbwi wake ulipinduka kati ya kisiwa cha Chisenga na nchi kavu. Walikuwa watatu. Yeye alishika ubavu wa mtumbwi kwa mkono ule wa kulia, usiku mzima na nusu ya mchana, mpaka watu wa kisiwani wakamwona. Wenzake wawili hawakupatikana. Mkono ulianza kwa maumivu, kisha ukagoma: haukupanda kupita kifua, haukwenda nyuma, na usiku ulimwamsha. Nyavu zilikuwa za kaka yake mkubwa, Ba Mulenga, na nyavu zinazolala zinaoza. Kwa hiyo kila Jumapili, baada ya ibada, Ba Mulenga alikuja na koti lake la kanisani, akasimama mlangoni, akasema neno moja: "Inua!" Bashi Chola aliinua. Pale vidole vilipoishia, Ba Mulenga alichora mstari ukutani kwa kipande cha mkaa, akautazama kama mtu anayepima mahindi, akanywa maji, akaenda zake.

Kazi yangu ya kwanza niliifanya vibaya sana. Niliwahi kuona pacha mmoja akivuta mguu wa mchezaji wa mpira, basi nikaushika mkono wa Bashi Chola kifundoni, nikaweka mguu wangu kwenye kiti, nikavuta. Alipiga kelele ambayo kuku wa jirani waliielewa. Hakunipiga kwa sababu mkono wake mzima ulikuwa umeshika kiti. Bana Chola, kutoka nje, alisema kwa furaha: "Inasikia! Dawa inasikia!"

Kesho yake alinisimamisha njiani mwanamke wa kwetu, Mama Sifa, mfupi, mwenye vidole vya mtu anayekanda unga maisha yake yote. Hakuwa anakanda unga. Alikuwa anakanda wazazi waliotoka kujifungua, na wazee, na watoto waliovutwa vibaya na wakunga. Alinitazama kuanzia miguu.

"Weye hauko mupasa," akasema.

"Mama..."

"Nyamaza. Nilisikia ile kelele kutoka kwangu. Mupasa hakamate mutu sawa anavunja kuni." Akacheka, akashika tumbo, akaendelea kwa Kiswahili chetu chenye Kifaransa. "Na unakula bukari ya batu. Bon. Ntanyamaza. Mais kila siku ya posho unaniletea samaki, na weye mwenyewe unakuya nikufundishe, juu hautauwa mutu mu jina ya bapasa."

Alinifundisha juu ya bega lake mwenyewe, akinitukana. Kwanza maji ya moto na kitambaa, mpaka ngozi iwe nyekundu kama pilipili inayoanza kuiva. Kisha mafuta ya mawese, kidogo. Kisha, na hili ndilo nililolishangaa, usiguse bega. Bega ni mlango, akasema, na mlango ukigoma unaangalia bawaba: anza mgongoni, kwenye lile bapa la mfupa linalotakiwa kuteleza, ulisukume taratibu kwa kiganja mpaka likumbuke kwamba linateleza. Panda shingoni. Ingia kwapani kwa vidole viwili, utafute kamba iliyokaza, usiiminye, ikae tu chini ya vidole vyako. Halafu subiri pumzi. "Mutu anashika pumzi, na weye unashika. Akiiachilia, njo unasogeza. Kidogo! Mukono ni mbuzi. Ukiivuta, inavuta. Simama karibu yake, ifanye sawa hauna habari nayo. Itakufuata." Na kila siku mgonjwa mwenyewe atembeze vidole ukutani, kama buibui mzee, mpaka maumivu yamwambie basi.

Nimepata walimu wengi tangu siku ile, wengine na vyeti vya ng'ambo, na hakuna aliyenifundisha jambo ambalo nimelitumia mara nyingi kama lile la kusubiri pumzi. Lakini wakati ule sikuwa mwanafunzi mwenye shukrani. Nilikuwa mfungwa anayejifunza kazi ya gerezani. Kila asubuhi, maji ya moto, kila asubuhi, mgongo uleule mpana, alama ileile ya ndui chini ya shingo, kila asubuhi, ng'ambo ya pazia, Bana Chola anatwanga na kuuliza: "Inapanda?" na mimi kujibu: "Inapanda, mama." Na upacha ukawa kazi ya pili. Pacha hapewi kitu kimoja: nilipewa samaki wawili, mayai mawili, siku moja kofia mbili. Kilichonizidi nisingeweza kukikataa, kwa sababu kilikuwa cha Kyungu. Bana Chola alianza kumkaushia Kyungu samaki wakubwa, akiwafunga kwa kamba na kuwaning'iniza kwenye boriti ya chumba cha nyavu. "Siku vita inaisha, unamupelekea. Asiseme batu ya Zambia banamusahau." Alinituma nimsalimie katika maombi yangu. Nilimsalimia. Kufikia katikati ya mwaka Kyungu alikuwa na tabia, aliogopa mbwa, alikuwa fundi wa redio. Siku moja nilijikuta nimeudhika naye kwa sababu haandiki barua.

Na mkono ulipanda kweli. Mistari ya mkaa ilipita kifua, ikafika kidevuni, ikafika sikioni. Ba Mulenga alianza kunisalimia kwa kunipigia makofi kidogo, kama mtu mzima anavyosalimiwa. Kisha, mwezi wa tisa, mistari ilisimama. Jumapili baada ya Jumapili mkaa ulipita juu ya mkaa, mpaka pale sikioni pakawa na kitu kama masharubu.

Mwezi wa kumi nikapata barua. Padri mmoja aliyekuwa akitusaidia sisi wakimbizi aliniandikia chuo huko Lusaka, na chuo kilikubali kunipokea nimalize masomo, mradi nifike kabla ya muhula wa mwezi wa pili. Nikishindwa, nafasi inakwenda kwa mwingine. Niliisoma barua ile mpaka ikaanza kupasuka mikunjoni. Lakini mkimbizi wakati ule hakuweza tu kupanda gari. Ilitakiwa karatasi ya ruhusa, na mtu wa mahali pale wa kumsemea, na usafiri. Vyote vitatu vilikuwa mkononi mwa mtu mmoja. Binamu yake Bana Chola aliendesha lori la samaki hadi Lusaka, na hakukuwa na ofisi Nchelenge, makao ya wilaya, ambayo yeye hakuwa amewahi kuipelekea samaki na salamu. Nilimsomea barua jikoni. Alisikiliza mpaka mwisho huku akipepeta unga.

"Ni vizuri," akasema. "Basi sikia. Ile mambo ya mukono ikiisha, na weye unapanda lori. Ikiisha mbele ya Mulenga. Yee mwenyewe asikie."

"Na isipoisha, mama?"

"Weye njo mupasa. Si miye."

Nilitoka jikoni nikiwa na hasira ya mtu ambaye hana wa kumkasirikia. Nilizidisha. Nilikanda asubuhi na alasiri. Nilimtembeza Bashi Chola vidole ukutani mpaka kucha zake zikawa nyeupe kwa chokaa. Mstari haukusogea hata upana wa kijiti. Usidhani nilimhurumia; nilianza kulichukia lile bega kama mtu anavyomchukia askari wa lango. Nililiota. Na yeye, ambaye mwanzoni alikuwa akiniuliza habari za chuo na kama ni kweli kuna watu wanaolipwa kufikiri, sasa alikuwa anatazama dirishani tu.

Mwezi wa kumi na moja, siku moja saa nne asubuhi, nilikuwa nimekwenda ufukweni, nikakumbuka daftari. Bana Chola alikuwa sokoni. Nilirudi, nikasukuma pazia la chumba cha nyavu. Bashi Chola alikuwa amesimama kwa ncha za vidole vya miguu, mikono yote miwili juu, imenyooka kama ya mtu anayechuma embe, na kwa mkono wa kulia, ule, alikuwa anafungua kamba ya samaki wa Kyungu kwenye boriti. Shavu moja lilikuwa tayari limejaa.

Tulitazamana. Mkono ulishuka taratibu, kwa aibu, kama mtoto anayetoka chini ya kitanda.

Alimeza. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini: "Ule Kyungu... hatakuya, hapana?"

Ningeweza kusema uongo. Nilikuwa na uzoefu. "Hatakuya, tata."

"Hakuna Kyungu."

"Hakuna."

"Mi nilijua," akasema. "Mutu mwenye ndugu anasemaka mubaya wake. Weye unamusifia tu." Akakata samaki vipande viwili, akanipa kimoja, tukala tumesimama, waongo wawili na samaki wa mtu ambaye hayupo.

Alipoketi ndipo aliponiambia. Aliongea akitazama magoti yake. "Ku maji, nilikamata mutumbwi na hii mukono. Bale babili balikuwa upande ingine. Giza. Balikuwa banaita jina yangu. Mi naitika, bao banaita. Kisha mumoja akanyamaza. Mi nikaita. Kisha na wa pili." Akafungua na kufunga kiganja. "Mukono ilipona, mwana wandi. Ulifanya muzuri. Mais nikisikia maji inapiga inchi kavu, nasikia bale banaita. Mulenga akisikia hivi, atacheka mbele ya batu mpaka siku ya kufa kwangu. Na muke yangu... Mwanamuke anauzisha samaki ya babwana ya bengine, mi nimuambie naogopa maji?" Kisha akasema jambo ambalo lilinifunga kuliko karatasi yoyote ya ofisini: "Ukisema, nitaenda. Sitakatala. Mutu muzima wa mukono anaenda ku maji."

Kwa hiyo vilikuwa mkononi mwangu sasa, mkono wake na lori langu. Neno moja Jumapili, na mimi nipo Lusaka, na yeye yupo majini. Ziwa hufungwa kwa uvuvi kuanzia mwezi wa kumi na mbili, linafunguliwa mwezi wa tatu. Ba Mulenga alikuwa amekwisha kusema kwamba siku ya kufunguliwa mtumbwi utaingia, na Bashi Chola ndani yake. Chuo kilinisubiri mwezi wa pili. Ningependa kuandika kwamba nilijua mara moja la kufanya. Nilikaa miezi miwili na zaidi. Kila asubuhi nilichemsha maji na kukanda bega zima, zima kabisa, laini kama la mtoto, na mwenye bega aliguna kwa maumivu kwa sababu mke wake alikuwa ng'ambo ya pazia. Aliguna vizuri. Siku nyingine aliguna kabla sijamgusa, nikamkanyaga mguu ili asubiri. Bana Chola aliuliza: "Inapanda?" Nikasema: "Bado, mama." Yeye akatwanga kwa nguvu zaidi. Sikuwahi kuona watu watatu wakishughulika hivyo na ugonjwa ambao umekwisha. Mvua ilinyesha juu ya bati na hatukuweza kutoka, na hata ilipoacha hatukutoka.

Mwisho wa mwezi wa kwanza nikaamua nitasema mkono umepona. Usiniulize kwa maadili gani. Niliisoma barua yangu kwa mara ya mwisho, nikajiambia kwamba wavuvi ni wavuvi, hofu hupona kwa kuiingia, na maneno mengine ambayo mtu mwenye viatu vikavu humwambia mwenzake. Jumapili Ba Mulenga alifika na koti lake na mkaa wake. Bana Chola alisimama mlangoni, ameshika kitambaa cha kupangusia vyombo.

"Inua!"

Mkono ukapanda. Kifua, kidevu, sikio. Ukasimama pale penye masharubu, na jasho lililomtoka Bashi Chola halikuwa la maigizo.

Ba Mulenga hakuchora. Alinigeukia. "Weye mupasa. Ziwa inafunguliwa mwezi wa tatu. Hii mukono itaenda ku maji, ao haitaenda?"

Nilikuwa na neno mdomoni. Nilikuwa nimelala nalo. Bashi Chola hakunitazama, hakunikonyeza, hakuniomba. Alikuwa anatazama dirishani, anaitikia kwa kichwa polepole kama mtu anayekubaliana na jambo ambalo limekwisha kusemwa.

"Haitaenda," nikasema. "Imefika mwisho yake. Inafaa kula, inafaa kushona nyavu. Kuvuta nyavu mu maji, hapana. Hata tukikanda miaka kumi."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Siku ambazo najipenda nasema ni huruma. Siku nyingine nakumbuka kwamba mtu yule alijua habari za Kyungu, na mwoga mmoja humjua mwoga mwingine.

Ba Mulenga aliutazama ukuta wake wenye mistari ya mwaka mzima. "Mupasa akisema mwisho, ni mwisho," akasema, kwa sauti ya mtu anayefunika kaburi, akaita vijana wawili kutoka barabarani, na kabla ya chakula cha mchana nyavu zilikuwa zimetoka. Chumba kilionekana kikubwa mno. Mimi nilibaki nimesimama katikati yake nikihesabu nilichopoteza: lori, karatasi, chuo. Mkono haukupona; nilikuwa nimeua sharti langu mwenyewe mbele ya mashahidi. Bana Chola alikunja kitambaa mara mbili, mara nne.

"Lori inaenda Alhamisi," akasema. "Kesho asubui tunaenda ku biro kwa karatasi. Fua shati."

"Mama, mukono haikupanda."

"Nilisema fua shati."

Nilidhani ni dharau. Nilidhani ananifukuza kwa upole wa watu wa pale, pacha aliyeshindwa. Nilifua shati. Alhamisi nilipanda juu ya magunia ya chisense, na kwa miaka mingi, kila nilipomkumbuka mwanamke yule, nilimkumbuka kama mlinzi wa gereza aliyenifungulia kwa sababu amenichoka. Huko chuoni, badala ya methali, nilisoma kila kitu nilichokipata kuhusu mabega. Niligundua kwamba kiungo cha namna ile, mfuko wake unavimba na kukaza, unaganda, na mara nyingi, baada ya mwaka mmoja au miwili, unaanza kulegea wenyewe. Mikono hupunguza maumivu, humsaidia mtu asiogope kuutikisa. Yawezekana kabisa kwamba mwaka ule nilipasha maji moto tu nikangoja. Sikumwandikia Bashi Chola habari hizo. Mtu hawezi kumnyang'anya mwenzake kila kitu.

Basi baada ya simu ya Chola nilipanda basi, peke yangu, shingo imekaza, nimeamua kwamba mtu wa umri wangu hawezi kuendelea kuwa na pacha. Nilifika siku moja baada ya mazishi. Ba Mulenga, mzee sasa, fimbo mkononi, alinipokea uani kwa kunitangaza kwa waombolezaji waliokaa kwenye mikeka: huyu ndiye yule mupasa, ndiye aliyesema mwisho, na ikawa mwisho. Mzee mmoja wa kanisa alinisimulia kwamba marehemu alikuwa mtu wa imani; watu wakiinua mikono miwili kusifu, yeye aliinua mmoja, wa kushoto, miaka yote, na hakuwahi kumnung'unikia Mungu. Nilikubali kwa kichwa, upande ambao shingo inaruhusu.

Bana Chola aliniita ndani, chumba cha nyuma. Alikuwa amepungua, lakini sauti ilikuwa ileile, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akiishusha.

"Nilijua, Kabange."

"Nini, mama?"

"Mukono. Akilala inapanda yenyewe. Inakuya juu ya kichwa, sawa ya mutoto. Tangu mwezi wa tisa ya ule mwaka, weye uko hapa unakanda, mi naiona kila asubui."

Alitazama pazia kwanza. Neno hili alikuwa amelitunza muda mrefu. "Niseme kwa nani? Mwanamuke akisema bwana yake asiende ku maji, banasema amemufunga, amemulisha dawa. Na nikimuambia yeye mwenyewe, anasikia haya, anaenda juu ya haya, anakufa. Mupasa tu njo angesema. Nilikungojea weye useme! Nikakuwekea lori mbele, nikasema huyu mutoto eko na akili ya université, atasikia. Ikiisha mbele ya Mulenga. Nilikuambia vile, hapana? Sikusema ikipona. Miezi ine! Weye unakanda, unakanda." Akapiga paja kwa kiganja, nusu kwa hasira, nusu akicheka, machozi yanashuka.

"Na yeye? Alijua kwamba unajua?"

"Hapana. Nilikuwa naamuka mbele yake. Kila siku, mpaka juzi. Juu asiamuke akute namuangalia."

Zaidi ya miaka ishirini ya kuamka mapema. Nilitaka kumpa kitu sawa na hicho, na nilikuwa na kimoja tu. "Mama," nikasema, "habari ya Kyungu..."

Aliinua kidole. "Usiniambie kintu. Nilisema mukuye babili juu batu basikie, njo vile. Mulenga eko mu lupango, pale inje. Kama weye hauko mupasa, basi neno yako haikuwa kintu, na ule tumezika ni nani?"

Pazia likasogea. Ba Mulenga aliingia na fimbo yake, akaketi kwenye kiti bila kuulizwa, akavuta suruali juu. Goti lilikuwa limevimba kama muhogo uliolowekwa.

"Mupasa," akasema. "Tangu mvua ya kwanza. Usiku silale. Itapona, ao haitapona?"

Bana Chola alikuwa ameshatoka; nilimsikia anavunja vijiti na kupuliza moto. Nilipiga magoti mbele ya mzee, nikaweka viganja viwili kuzunguka goti lake, nikamwambia tungoje kwanza maji yapate moto.